Saa Mbili na Nusu Jivuni

Nitenge kwanza niliyoyaona na niliyoyasikia, kwa sababu mambo haya mawili yakishachanganywa hayatenganiki tena.

Niliona ubavu wa kinu cha miwa ukiwa na ufa. Niliuunga kwa mikono yangu, nikaufukia jivuni, kisha nikaufukua. Siku kumi baadaye niliona vipande vyake viwili sakafuni, katika kibanda cha kinu huko Matungu. Hayo niko tayari kuyaapia. Sikuwapo ulipovunjika. Yanayosimuliwa kuhusu dakika ile nimeyapata kwa watu ambao, nilipowauliza walikuwa wamesimama wapi, hakuna aliyekuwa amesimama karibu. Shianda, njiani, niliambiwa kwamba mlishaji wa kinu, yule anayeingiza miwa, aliacha panga ndani ya mzigo wa miwa. Matungu kwenyewe panga lilikuwa jembe. Habari ilipofika Khayega, ninakoishi, jembe lilikuwa limekwisha kuwa mnyororo wa trekta, na kinyozi wangu alikuwa tayari kunihesabia pete zake.

Nilifundisha ufundi wa vyuma kwa zaidi ya miaka thelathini, na wanafunzi wangu walilijua swali langu moja: "Umeona, au umeambiwa?" Nililitumia swali hilo kama tupa, kukwangua kila neno lililoletwa mbele yangu. Sikujua kwamba mtu anaweza pia kujificha nyuma yake.

Mwenye kinu tulisoma darasa moja. Alikuwa akitengeneza sukari nguru: miwa hukamuliwa kati ya rola tatu za chuma, maji yake huchemshwa katika karai kubwa hadi yagande. Rola hizo hushikiliwa na mbavu mbili za chuma cha kusubu, yaani chuma kilichoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu. Mafundi wetu hukiita kasti. Chuma cha namna hiyo kinabeba mzigo mzito lakini hakina uvumilivu. Chuma cha kufua hupinda kabla ya kukatika, kikakupa onyo. Kasti haipindi.

Alinifikia Ijumaa asubuhi, ubavu mmoja ukiwa nyuma ya pikapu, umelazwa juu ya magunia kama mgonjwa. Alikuwa amepita mafundi wengi njiani.

"Mwalimu, hawa wa huku chini wangeuchomelea kwa rodi ya kawaida wakaniambia umepona," alisema. "Mimi nataka uniambie wewe."

Niliutazama. Ufa ulianzia kwenye tundu la boliti ukashuka urefu wa shibiri moja. Nilimwambia unaungika, kwa shaba ya njano na gesi, wala si kwa rodi. Nikamwambia aje kuuchukua Jumamosi saa kumi kamili.

Wasomaji wasio mafundi wanivumilie kwa aya moja. Ufa wa kasti hutobolewa tundu dogo mwishoni mwake ili usiendelee kutembea. Kisha huchimbwa kwa tindo na tupa, ukawa mfereji. Pande lote hupashwa moto taratibu juu ya makaa, si pale penye ufa tu, hadi kijiti kikavu kikiguswa juu yake kinafuka moshi. Hapo ndipo mtu huwasha gesi, hunyunyiza boraksi, unga wa kusafisha chuma, na kuyeyusha shaba ndani ya mfereji. Lakini kazi yenyewe bado haijaisha. Pande likiwa bado na moto hufukiwa ndani ya jivu kavu, nalo hupoa polepole usiku kucha. Likipoa haraka, upande mmoja hujikunja kabla ya mwingine, na kwa kuwa kasti haijui kupinda, hupasuka. Mimi hutumia jivu la makapi ya miwa, ambalo ni laini kama unga. Wanafunzi wangu niliwaamuru wasifukue kitu hadi waweze kukishika kwa kiganja kitupu. Aliyefukua mapema nilimfukuza karakanani muhula mzima.

Jumamosi ile mtungi wa oksijeni ulichelewa kufika kutoka mjini. Ulitakiwa uje Ijumaa jioni. Ulifika Jumamosi karibu na adhuhuri. Mwenye kinu alinipigia simu, nikamweleza.

"Basi pumzika, Mwalimu. Hata Jumatatu ni sawa. Miwa bado iko shambani, haikimbii."

"Nimesema saa kumi," nikamjibu.

Alicheka. "Saa ya Mwalimu! Hata jua huichungulia kwanza kabla ya kuchwea."

Ningeweza kuandika kwamba alinishurutisha, na yeye sasa hawezi kunipinga. Hakunishurutisha. Nilikuwa nimetaja saa, na katika maisha yangu sikuwahi kutaja saa nikaivunja. Hiyo ndiyo sababu, na hakuna nyingine.

Nilimaliza kuunga saa saba. Nikaufukia ubavu jivuni. Saa tisa na nusu niliufukua.

Mvua ya alasiri ilikuwa imekwisha kuanza, na karakana yangu haina ukuta upande wa mashariki. Niliuinua kwa koleo nikisaidiwa na jirani, nikauweka juu ya meza ya matofali. Upepo wa mvua ukaupiga. Jirani alirudi kwake mbio ili asilowe. Nilibaki peke yangu, na nikiwa nimesimama pale, kadiri ya hatua mbili, nilisikia mlio mmoja: tik. Mdogo, mkavu, kama ukucha unaokatwa.

Sauti hiyo sikusimuliwa na mtu.

Niliukagua ubavu kwa miwani, sikuona ufa. Nikaugonga kwa nyundo ndogo. Kasti nzima hulia kama kengele, iliyopasuka hulia kama chungu kibovu. Huu ulilia katikati ya hivyo viwili. Nilijiambia kwamba ni kwa sababu bado una joto. Nikaupangusa, mstari wa shaba ukang'aa, na saa kumi kamili pikapu ikaingia.

"Mwalimu," alisema mwenye kinu akipitisha kidole juu ya shaba, "huu sasa ni kama pete ya arusi."

Nilimsaidia kuupakia, bila kuutaja ule mlio.

Mlishaji wa kinu nilikuwa namfahamu kwa sura tu. Alikuwa mtu wa makamo, mpole, aliyesimama mbele ya rola zile miaka mingi na bado alikuwa na vidole vyote kumi. Katika kazi ile hicho ni cheti tosha. Jumatano alinipigia simu. Aliniomba radhi kwanza, akasema namba yangu amepewa na mwenye kinu.

"Mwalimu, mashine inalianga."

"Inalia vipi?"

"Tik. Halafu inanyamaza. Nikilisha miwa minene, tik tena. Upande ule wako."

"Umeona ufa?"

"Sijaona. Nasikianga tu."

"Mwingine amesikia?"

"Injini inapiga kelele, Mwalimu. Mimi ndiye nakaanga karibu."

"Basi ukiona, nipigie," nilisema. "Mimi sifanyi kazi na maneno."

"Sawa, Mwalimu. Samahani kwa kukusumbua."

Nilikata simu, nikaendelea kunoa tindo.

Jumanne iliyofuata ubavu ulivunjika. Hakuumia mtu. Nilifika Matungu siku hiyohiyo, kabla ya jua kuchwa. Vipande viwili vilikuwa vimelala kwenye makapi. Nilipiga magoti nikakigeuza kimojawapo.

Shaba yangu haikuwa imeachia. Chuma kilikatika kandoni mwake, upana wa vidole viwili kutoka kwenye kiungo. Sehemu kubwa ya mkato ilikuwa ya kijivu, safi, inayometameta, kama inavyokuwa kasti iliyokatika muda huohuo. Lakini mahali pamoja, urefu wa kidole gumba, mkato ulikuwa mweusi. Maji ya miwa na grisi vilikuwa vimeingia humo na kukauka. Maana yake ilikuwa moja tu, na mwanafunzi wangu wa mwaka wa pili angeisoma: hapo palikuwa wazi siku nyingi kabla ya Jumanne. Palifunguka juu ya meza yangu ya matofali, mvua ikinyesha.

Mwenye kinu alisimama nyuma yangu. "Imekuwaje, Mwalimu?"

Kabla sijafungua kinywa, mdogo wake alidakia, akimnyooshea mlishaji kidole: "Si huyu! Analishanga kama anayefukuzwa. Atakuwa ameingiza kitu humo ndani."

Mlishaji alikuwa kwenye nguzo, mikono nyuma. Alinitazama mimi, hakumtazama yule aliyesema. Alikuwa anangoja niseme juu ya ile simu.

Nilikilaza kile kipande kifudifudi kwenye makapi, doa jeusi likaangalia chini. Nikasimama, nikajipangusa magoti, nikasema nitakichukua nikakichunguze.

Sijui panga lilizaliwa kinywani mwa nani. Najua kwamba nililiachia nafasi ya kuzaliwa. Mlishaji aliachishwa kazi wiki ileile, na vibanda vingine vya sukari nguru havikumtaka, maana nani atampa kinu mtu anayelisha mapanga?

Baada ya miezi michache mwenye kinu aliugua, akafa. Siku ya tatu baada ya mazishi tuliketi kwa ajili ya kunyoa nywele, siku ambayo kwetu huitwa lubeko. Jamaa na majirani hukusanyika, na kila aliye na dai kwa marehemu, au neno lililobaki baina yao, hulitoa mbele ya watu. Usipolitoa siku hiyo, huna mahali pengine pa kulitolea. Hema la mazishi lilikuwa bado limesimama, viti vya plastiki vilipangwa duara.

Mjane alisema neno lake. Alitaka kununua kinu kingine, na alitaka mlishaji wa zamani arudi, kwa kuwa hakuna mwingine anayeijua kazi ile. Mlishaji mwenyewe alikuwa ameketi ukingoni mwa hema, kofia magotini.

"Arudi avunje na hicho?" alisema mdogo wa marehemu. Watu wakacheka. "Shemeji, huyu alikilisha kinu panga!"

"Uliliona hilo panga?" mjane aliuliza.

"Kila mtu anajua."

"Nimekuuliza wewe."

"Haya, tusibishane. Mwalimu yuko hapa. Yeye ndiye aliyeunga, na yeye hana mchezo na uvumi. Mwalimu, tuambie ulichoona."

Nilisimama. Siwezi kusingizia kwamba nilishtukizwa, kwani nilikuwa nimelitunga jibu tangu asubuhi.

"Nitasema nilichokiona tu," nilisema. "Ubavu ulikatika kando ya kiungo. Kiungo chenyewe hakikuachia."

Kila neno hapo ni kweli. Ukiyapima moja moja huna utakalolikataa. Na kila mtu chini ya hema lile alisikia jambo ambalo si kweli: kwamba kazi ya Mwalimu ilisimama imara, kwa hiyo kosa lilikuwa la mwingine. Nilijua watakavyosikia. Niliyachagua maneno kwa ajili hiyo.

"Mmesikia!" mdogo wa marehemu alisema. "Si mimi, ni Mwalimu."

Mlishaji alivaa kofia yake. "Mwalimu amesema alichoona," alisema, kwa adabu, akatoka. Siku chache baadaye niliambiwa amekwenda Lugari kufanya vibarua vya mahindi.

Tangu siku hiyo kila nilichounga nilikifukia siku mbili, hata vitu ambavyo havikuhitaji. Wateja walinung'unika. Nilijua ninamlipa mtu asiyekuwapo. Kile kipande nilikiweka chini ya meza, nikawa nakanyaga kando yake. Halafu asubuhi moja nilikitoa, nikakifunga gunia, nikaenda Matungu kwa mjane.

Nilimweleza yote: mtungi, saa tisa na nusu, mvua, mlio, simu ya Jumatano, doa nililolilaza chini. Alinisikiliza bila kunikatiza, mikono yake ikichambua maharagwe.

"Siku ile tulikuuliza ulichoona," alisema mwishowe. "Kumbe tungekuuliza unachojua."

"Ndiyo, shemeji."

"Na marehemu amekwenda akiamini ni mlishaji."

Alimwita mdogo wa marehemu, akaniambia nirudie kila neno mbele yake. Nikarudia. Nikakifungua kipande ili nimwonyeshe lile doa, na hapo ndipo nilipoona nilichokuwa nimefanya. Sakafu ya karakana yangu ni ya udongo. Mkato wote ulikuwa umeshika kutu, kuanzia ukingo hadi ukingo. Hakukuwa tena na sehemu ya kijivu wala sehemu nyeusi. Nilikuwa nimengoja hadi ushahidi ukaliwa.

"Liko wapi?" aliuliza mdogo wa marehemu.

"Lilikuwa hapa." Nilimwonyesha kwa kidole.

"Hiyo ni kutu, Mwalimu. Wewe unamhurumia tu yule mtu. Ni uzee, na moyo mzuri." Alinishika bega kwa upole. "Mimi nashika ulichosema lubeko. Siku ile ulisema ulichoona."

Katika maisha yangu yote hakuna aliyewahi kunitupia maneno yangu mwenyewe namna ile, na kwa heshima tele. Nilimgeukia mjane.

"Mimi nakuamini," alisema. "Lakini usinitume mimi kwa mlishaji. Nikimwambia mimi, atakuwa amesikia kwa mtu. Nenda mwenyewe. Mwambie pia kinu kipya kipo, na nafasi yake ipo, shemeji yangu apende asipende. Pesa ya kinu ni yangu."

Nilikwenda Lugari. Nilimkuta uani kwa mkulima mmoja, ameanika mahindi juu ya turubai, akiyageuza kwa mguu. Alikuwa amekonda.

"Mulembe, Mwalimu."

"Mulembe."

Aliniletea kigoda. Nilikataa kuketi, nikaona nimemwaibisha, nikaketi. Nikamwambia. Nilipofika kwenye mlio wa mezani, mguu wake ulisimama katikati ya mahindi.

"Uliusikia?"

"Kabla yako. Siku nne kabla hujanipigia."

Kuku waliukaribia ukingo wa turubai, hakuwafukuza.

"Mimi nilidhani ni masikio yangu," alisema. "Ulivyoniuliza kama nimeona, nikasema labda sikusikia. Halafu lile panga. Mwanzoni nilikuwa nacheka. Lakini watu wakisema sana, Mwalimu, unaanza kuliona. Nimekaa hapa nikijiuliza: labda lilikuwamo? Labda nililisahau? Nimefika mahali naona hata mpini wake."

"Halikuwamo."

"Wewe hukuwapo."

Alisema kweli. Sikuwapo. Kwa mara ya kwanza katika umri wangu nilimwapia mtu jambo ambalo sikuliona. "Halikuwamo," nilirudia. "Chuma kilikuwa kimepasuka tangu kwangu. Wewe pekee ndiye uliyesikia vizuri, na mimi nilikunyamazisha."

Nilimwomba radhi. Hakusema amenisamehe, na sitaandika kwamba macho yake yalisema. Nilimpa ujumbe wa mjane. Alijibu, "Mahindi haya hayajakauka." Aliniuliza kama nimekula, nikasema nimekula, naye akajua nimesema uongo, akaenda akaniletea obusuma, yaani ugali, na mboga. Nilikula. Kisha akanyoosha mkono kuelekea kwenye gunia langu, nami nikampa kile kipande. Alikigeuza mara moja, akapitisha kidole gumba juu ya shaba, kisha juu ya kutu.

Kuna wanaosema kwamba amerudi Matungu na kwamba kinu kipya kinakamua vizuri. Nimeambiwa hivyo na watu watatu, na mmoja wao ni kinyozi. Sijaenda kuona, na sina hakika kwamba ninastahili kuona.

Ninachoweza kukithibitisha ni hiki. Upepo ulikuwa unainua pembe moja ya turubai na kumwaga mahindi majanini. Alikwenda pale, akachuchumaa, akakiweka kile kipande juu ya pembe hiyo, upande wa shaba ukiwa juu. Nilisimama langoni nikaangalia hadi upepo mwingine ulipopita. Turubai haikuinuka.